Kurudia Kifaransa baada ya miaka zaidi ya ishirini na tano: nianze upya au niendelee nilipoishia?

MamaLoji (Njiro, Arusha)

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo nimelizungusha kichwani tangu Januari bila kulipatia mwanzo.

Nilisoma Kifaransa miaka yote minne ya sekondari hapa Arusha, nikamaliza kidato cha nne mwaka 1998. Enzi hizo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa imeshaweka makao katika jengo la mikutano la AICC, na kwa kuwa lugha za kazi mahakamani humo zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, sisi wanafunzi tuliamini kabisa kwamba anayejua Kifaransa hawezi kukosa ajira mjini hapa. Mimi ajira hiyo sikuiona. Niliolewa, nikauza nguo kwa miaka mingi, na hatimaye mimi na mwenzangu tukafungua loji ya vyumba tisa. Madaftari ya Kifaransa yaliliwa na mchwa pale nyumbani kwa wazazi, na sikuyalilia.

Sasa wageni wetu wengi huja kwa mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Warundi na Wanyarwanda tumewazoea, kwa kuwa nchi zao zimo ndani ya Jumuiya tangu mwaka 2007, lakini tangu Kongo iingie mwaka 2022 wanaongezeka wageni ambao Kiingereza chao ni kidogo kuliko Kifaransa changu. Mwezi wa pili alifika bwana mmoja kutoka Bujumbura. Aliponisikia nimemsalimu "bonjour" akaniuliza bei kwa Kifaransa, nami nikajikaza, nikamjibu kama tulivyofundishwa: "quatre-vingt-dix mille," yaani shilingi elfu tisini kwa usiku. Akainamisha kichwa kidogo, akauliza, "Nonante mille?" Masikio yangu yalinasa ile "non" peke yake. Nikajua amekataa bei, na kabla hajatia neno la pili nikamshushia hadi elfu themanini. Akashukuru, akalipia siku nne papo hapo. Jioni binti wetu wa mapokezi, ambaye amekulia Kigoma, ndiye aliyenieleza huku akijizuia kucheka kwamba "nonante" ni tisini, na kwamba mgeni alikuwa anahakikisha tu kama amesikia vizuri. Elfu arobaini zikaenda hivyo.

Nimeamua kurudi kusoma. Nilikwenda kwenye darasa la jioni la wanaoanza, nikakaa na vijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Wiki ya kwanza nilichoka kwa kuyajua yote. Wiki ya tatu mwalimu alipoanza kuuliza haraka haraka, wale vijana wakanipita, na mimi mwenye miaka minne ya Kifaransa nikabaki nimetumbua macho. Niliona haya, sikurudi. Je, nianze tena kutoka sifuri, au kuna namna ya kuokota pale nilipoangusha? Na katika umri wa miaka 44, kichwa bado kinashika?

Mwalimu Mstaafu (Moshi)

Mama, pole kwa elfu arobaini, ingawa kwa ada ya somo la namba sioni kama umetozwa nyingi. Nimefundisha Kifaransa katika shule za Kilimanjaro kwa miaka mingi, na nakiri kwamba hata mimi nilifundisha namba za Ufaransa tu. Wafaransa husema sabini kuwa "sitini na kumi" na tisini kuwa "ishirini nne na kumi". Wabelgiji wao wana neno moja kwa kila moja, "septante" na "nonante", na kwa kuwa Kongo, Rwanda na Burundi zilitawaliwa na Ubelgiji, maneno hayo ndiyo yaliyobaki huko. Themanini peke yake hawakuibadilisha, ni "quatre-vingts" kama Paris, ndiyo maana bei uliyoshusha aliielewa bila kuuliza. Kwa hiyo usijilaumu kwamba umesahau. Neno ambalo hukufundishwa huwezi kulisahau.

Kuhusu kuanza upya, ushauri wangu ni hapana, na nina sababu. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akazisahau, kisha akazikariri tena huku akipima muda. Watu hukumbuka zaidi habari yake ya kusahau, kwamba mengi hupotea katika saa na siku za mwanzo. Mimi huwaambia watu wazima ile nusu nyingine: mara ya pili alihitaji muda mfupi kuliko mara ya kwanza, hata kwa mambo aliyodhani yamefutika kabisa. Baadaye, mwaka 1984, Mmarekani Harry Bahrick alichapisha utafiti aliowapima watu 733 waliowahi kusoma Kihispania shuleni, wengine baada ya miaka 50. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kupotea hutokea katika miaka mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha kinachobaki hukaa bila kupungua sana kwa miaka kama 25 au 30. Aliyekuwa amesoma zaidi na kufaulu vizuri zaidi ndiye aliyebakiwa na kingi. Wewe ulisoma miaka minne, kwa hiyo akiba unayo. Ulichopoteza ni wepesi wa kuifikia, na ndiyo maana vijana walikupita kwa kasi na si kwa maarifa. Lile darasa lilikuchosha kwa ulichokijua, halafu likakuaibisha kwa ulichokosa mazoezi nacho.

Kabla hujalipa ada popote, fanya jambo moja. Tafuta maandishi mepesi ya Kifaransa ya ukurasa mmoja, uyasome kwa sauti, upigie mstari kila neno usilolijua. Siku inayofuata sikiliza dakika kumi za taarifa ya habari ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, inayoitwa "Journal en français facile", ambayo hutangazwa kwa lugha nyepesi na maandishi yake hupatikana kwenye intaneti. Utagundua ni kipi kilichobaki, jicho au sikio. Kwa wengi waliosoma katika shule zetu, jicho lina akiba na sikio ni tupu, kwa sababu tulifundisha kwa chaki. Ukishajua hivyo, nenda kaombe upimwe kabla ya kupangiwa darasa. Kozi za lugha siku hizi hugawanywa katika ngazi sita, A1 hadi C2, na pale Alliance Française ya Arusha unaweza kuuliza habari za kupimwa. Nisingeshangaa ukaangukia A2, yaani ngazi ya pili.

Naomba radhi kwa urefu, lakini kuna jambo la pili ambalo nililielewa nikiwa nimeshakaribia kustaafu, na nasikitika kwa wanafunzi wote waliopita kabla. Tulifundishwa Kifaransa kwa kupitia Kiingereza. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, maelezo ya sarufi kwa Kiingereza, mwanafunzi akipita nyumba ya jirani ili afike nyumba ya tatu, wakati mlango wa moja kwa moja ulikuwa upande wetu. Angalia sentensi "je le vois", maana yake "ninakiona". Mwingereza humhangaisha hiyo "le", kwa kuwa kwake kitendwa hufuata kitenzi. Sisi tunasema ni-na-ki-ona: mtenda kwanza, kitendwa, halafu kitenzi. Mpangilio ni uleule wa Mfaransa, tofauti ni kwamba yeye anaandika kwa kuachanisha. Mtoto wa chekechea wa Rombo hakosei "ninakiona" akasema "ninaonaki", lakini wanafunzi wangu walikuwa wanaandika "je vois le" kwa sababu walikuwa wanafikiri kwa Kiingereza.

Kadhalika hadithi ya majina ya kike na ya kiume. Kila mwaka mwanafunzi aliuliza kwa nini meza iwe ya kike, na kila mwaka nilijibu upuuzi fulani. Jibu sahihi lilikuwa kwamba hizo ni ngeli, basi. Wewe hujiulizi kwa nini kiti kiko pamoja na kisu. Unajua tu kwamba "kiti kikubwa kimevunjika", na ki- hiyo inafuata hadi mwisho wa sentensi. Mfaransa anasema "la grande chaise est cassée", na huo uke unafuata hadi mwisho vilevile, ila yeye ana ngeli mbili tu, ametuonea huruma. Kwa hiyo usijifunze "table". Jifunze "la table" kama neno moja, jinsi unavyojua kwamba wingi wa kiti ni viti bila kutafuta kanuni.

Njia ya Kaskazini (Arusha)

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana na mengi, lakini kwa habari ya kutoanza upya naomba nipinge kwa heshima, kwa kuwa mimi yalinikuta kwa Kijerumani.

Ni mwongoza watalii. Nilisoma Kijerumani mwaka mmoja chuoni, nikakiacha kwa miaka kumi na minne kwa sababu kampuni niliyoajiriwa ilikuwa inapokea Wamarekani tu. Nikiwa na miaka 39 nilikirudia, kwa sababu ambayo kila mwongozaji anaijua: anayemudu lugha ya tatu hupangwa safari zake mapema. Nilianza kwa kuendelea nilipoishia, kama Mwalimu anavyoshauri, na miezi sita ikaenda bure. Tatizo langu halikuwa kusahau. Tatizo ni kwamba yale niliyoyakumbuka yalikuwa na makosa ndani yake. Kijerumani, sentensi ikianza na "kwa sababu", kitenzi husubiri hadi mwisho, "weil der Löwe heute schläft", yaani kama ungesema "kwa sababu simba leo amelala" na usiwe na hiari ya kusema vingine. Mimi nilikuwa nakiweka katikati kwa raha zangu, na kila nilipozungumza nilikuwa nalikaza kosa. Nilirudi sifuri, nikakaa na vijana, nikaona haya kama wewe dada, na haya hizo ziliisha wiki ya tano hivi.

Jambo la muda ni gumu kuliko la umri. Kwetu kuanzia katikati ya Juni hadi Oktoba hakuna kusoma, unaamka saa kumi alfajiri na kulala baada ya wageni. Nilichofanya ni kuweka masomo mazito katika masika, Aprili na Mei, ambapo kambi nyingi hufungwa, na msimu ukianza nabaki na kitu kimoja tu: kadi ndogo za karatasi ngumu ninazozichomeka kwenye kizuia jua cha gari, tano kwa siku. Ninapoipata kadi bila kusitasita inakwenda kwenye rundo la wiki ijayo. Nikiikosa inabaki kwa kesho. Njiani kuelekea Karatu kupeleka gari tupu, ninazungumza peke yangu kwa sauti.

Anza na maneno ya kazi yako, si ya kitabu. Mimi nilianza na wanyama na nikakuta raha ambayo sikuitegemea, kwa sababu Wajerumani huwaita wanyama kwa kuwaelezea. Kifaru ni "pembe ya pua", kiboko ni "farasi wa mto", nungunungu ni "nguruwe wa miiba", na kobe, utacheka, ni "chura mwenye ngao". Hayo sikuyakariri hata mara moja, yaliingia na kukaa. Wewe anza na shuka, taulo, maji ya moto, funguo, risiti.

Kijana wa Sakina

Kwa heshima zote, naona tunajitesa bure. Warundi wanazungumza Kiswahili, Wakongo wanazungumza Kiswahili, na aliye na simu ana programu ya kutafsiri mfukoni. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika umekipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Wao ndio wajifunze.

MamaLoji (Njiro, Arusha)

Mdogo wangu, nakuelewa, na Kiswahili nakipenda kuliko unavyodhani. Lakini Mkongo wa Lubumbashi au Goma ndiye mwenye Kiswahili. Wa Kinshasa anazungumza Kilingala na Kifaransa, na wanaokuja mikutanoni wengi wanatoka huko kwenye wizara. Simu nimeijaribu. Mgeni anasema sentensi, tunasubiri, mimi nasema sentensi, tunasubiri, na umeme ukikatika katikati ya hapo wote tunatazama ukuta. Mgeni aliyechoka na safari hataki hilo saa nne usiku.

Mkalimani (Arusha)

Nimesoma yote, na naona Mwalimu na kaka mwongozaji hawapingani sana kama inavyoonekana, wanazungumzia sehemu mbili za mwili. Maneno na sarufi ya kusoma unaweza kuendeleza ulipoishia. Mdomo, mama yangu, anza sifuri, hata kama ulipata alama ya juu mtihani wa taifa.

Nitatoa mfano mmoja wa hotelini kwa sababu nimeushuhudia. Kifaransa kina "u" mbili. Moja ni ile yetu, huandikwa "ou". Nyingine huandikwa "u" peke yake, na sisi hatuna. "Dessus" ni juu, "dessous" ni chini, na tofauti yote ya maneno hayo mawili masikioni ni hiyo "u". Mgeni anaomba chumba cha "dessus" kwa kuwa anataka ghorofa ya juu, mhudumu anasikia "dessous", anampeleka chini, kisha kila mmoja anamwona mwenzake mkaidi. Namna ya kuipata ni hii: sema "i" ya neno "siri", ishikilie, kisha bila kuusogeza ulimi hata kidogo, viringa midomo kama unayepuliza mshumaa. Sauti itakayotoka ndiyo hiyo. Fanya mbele ya kioo, usifanye mbele ya watoto, hawatakuacha.

Ukimaliza hiyo, shughulika na "an" na "on", ambazo hewa yake hupita puani, maana "nonante" ina hiyo ya kwanza, "an". Nadhani ndipo sikio lako lilipokwama: neno lilikuwa geni, ukashika silabi ya kwanza uliyoitambua, ukaijengea maana. Wakalimani wanaoanza hufanya hivyohivyo, wanaita kudandia. Tiba yake si kamusi kubwa. Ni kujizoeza kusubiri hadi mtu amalize, na kuwa tayari na sentensi moja ya kuomba arudie, "Vous pouvez répéter, s'il vous plaît ?", itoke bila kufikiri wala kuona haya. Ungekuwa nayo siku ile, ungekuwa na elfu arobaini zako.

Cheti usikiwaze sasa. Ukikihitaji baadaye, DELF, yaani mtihani wa cheti cha Kifaransa, ina sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Unafaulu kwa 50 kati ya 100, ila ukipata chini ya 5 katika sehemu yoyote umeanguka hata kama nyingine ni nzuri. Ndiyo maana nasisitiza sikio. Cheti chenyewe hakiishi muda.

MamaLoji (Njiro, Arusha)

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Narudi baada ya wiki tatu kama nilivyojiahidi.

Nilifanya lile jaribio. Ukurasa ulikuwa wa mistari ishirini na nne kuhusu mvua na wakulima, nikapigia mstari maneno kumi na tisa tu, na nilikaa kwa muda nikiutazama ule ukurasa kwa sababu nilitegemea mia. Taarifa ya habari ya RFI ilikuwa kinyume chake. Mara ya kwanza nilitambua majina ya nchi. Nikasoma maandishi yake, nikasikiliza tena, na zile sentensi nilizokuwa nazijua kwa macho zikaanza kujitokeza moja moja, kama mtu unayemfahamu ukimwona kwa mbali kwenye umati wa Soko Kuu. Sasa nasikiliza kila asubuhi wakati chai inachemka, mara mbili, siongezi. Nimepimwa, nimewekwa A2 kwa kusoma na kuandika, na mwalimu ameniomba nihudhurie saa moja ya mazoezi ya kuzungumza na wale wa A1 kila Jumamosi. Kaka wa Njia ya Kaskazini na Mwalimu wote mmeshinda.

Habari ya "ninakiona" nilimweleza mpishi wetu, naye sasa kila akiona sufuria inayomtatiza anasema "je le vois" kwa sauti ya kuimba, ingawa sufuria ni "la casserole" na nimemwambia aseme "je la vois". Hajali.

Nina swali moja dogo la kazi. Wajumbe huomba risiti yenye kiasi kwa maneno, ili wakarudishiwe fedha ofisini kwao, na wengine wanaiomba kwa Kifaransa. Kwenye "quatre-vingts" nakumbuka kulikuwa na "s" ambayo mara ipo mara haipo. Kwa shilingi elfu themanini niiandike au niiache?

Mwalimu Mstaafu (Moshi)

Marahaba. Iache. "Quatre-vingts" huwa na "s" inapokuwa mwisho wa namba, kama vyumba themanini, "quatre-vingts chambres". Ikifuatwa na namba nyingine, "s" inaondoka, na "mille" ni namba, kwa hiyo ni "quatre-vingt mille shillings". "Mille" yenyewe haichukui "s" kamwe, hata zikiwa elfu mia. "Million" ndiyo tofauti, hiyo huhesabiwa kuwa jina la kawaida, kwa hiyo "quatre-vingts millions" inabaki na "s", ila sidhani kama loji ya vyumba tisa itaihitaji mwaka huu. Kwa elfu tisini, mgeni wa Bujumbura mwandikie "nonante mille", wa kutoka Paris "quatre-vingt-dix mille". Na katika risiti zote mbili andika tarakimu pembeni.